Upande wa kivuli: Ilala mpaka Posta kwa miguu

Mi natembea kwenda kazini. Nalisema mapema kwa sababu Dar ukisema unatembea mtu anakuangalia kwanza usoni alafu miguuni, anajiuliza huyu kafulia au yuko kwenye dayati. Ofisini kwetu dada mmoja aliwahi kuniletea nauli kwenye bahasha, kimyakimya, kwa upendo kabisa, ikabidi nimrudishie huku mi nacheka na yeye kanuna.

Natoka Ilala, maeneo ya Boma, nafuata barabara ya Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, naingia mitaa ya Uhindini, natokea mtaa wa Samora. Ni kama kilomita tatu na nusu, dakika 45 nikitoka mapema, 50 na zaidi nikikutana na watu wa kusalimiana nao, na ukishakuwa mpita njia wa kila siku watu wa kusalimiana nao wanaongezeka tu. Nilianza kipindi barabara imechimbwachimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, daladala inakaa pale Karume mpaka konda anashuka kununua muhogo wa kukaanga anarudi bado mko pale pale. Siku moja nikashuka kwa hasira. Nikafika Mnazi Mmoja ile gari sijaiona hata kwa mbali nyuma yangu, basi tangu siku hiyo ikawa ndo hivyo.

Vifaa vyangu: ndala za mpira miguuni, viatu vya ofisini kwenye mfuko, mtandio. Mwavuli nilijaribu nikaacha, pembeni ya barabara zetu hakuna nafasi ya mwavuli, utamtoa mtu jicho.

Sasa kitu cha kwanza ambacho kutembea kumenifundisha, na kilinichukua mwaka mzima kukielewa, ni habari ya jua. Uhuru imelala mashariki magharibi. Maana yake asubuhi naenda mjini jua liko usoni, jioni narudi nyumbani liko usoni tena, yaani kama kuna mtu aliipima hii barabara basi hakuyapenda macho ya watu wa Ilala. Ila kivuli cha nyumba chenyewe kinahama. Mwezi wa sita na wa saba jua linakuwa limeenda kaskazini, kwa hiyo nyumba za mkono wa kushoto ukiwa unaelekea mjini ndo zinamwaga kivuli chake pembeni ya barabara. Ikifika Desemba limeshahamia kusini, kivuli kinakuwa mkono wa kulia. Hapo katikati, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, mchana linakaa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe na hakuna upande utakaokuokoa. Wavuvi wana kusi na kaskazi zao, mi nna msimu wa kushoto na msimu wa kulia. Watu wa vijiwe vya upande mmoja hawanioni nusu mwaka, nikirudi wananiuliza dada ulisafiri?

Na ukishaanza kutafuta kivuli unaanza kuyaangalia majengo tofauti. Zamani nilikuwa naangalia juu kama watu wote, ghorofa ngapi, vioo vya rangi gani. Sasa hivi jengo nalipima kwa futi kumi za chini. Huko juu ni mambo ya wenye nalo na kunguru. Mi nataka kujua hapa chini, mimi ambaye sina shida yoyote na wewe, napita zangu tu, jengo lako linanifanyia nini?

Kwa kipimo hicho nyumba zetu za Ilala zinapasua mitihani. Nyingi bado ni zile za Kiswahili, mlango katikati, korido imenyooka mpaka uani, vyumba vitatu huku vitatu kule, na mbele baraza, na paa la bati limetoka mbele ya ukuta kulifunika. Baraza ukilitafakari ni kitu cha ajabu. Ni la mwenye nyumba, liko ndani ya kiwanja chake, lakini matumizi yake nusu ni ya barabara. Mvua ikikukuta unapanda unasimama na hakuna anayekuuliza wewe nani. Barazani hupigi hodi, unasalimia tu. Nimeshawahi kukaa robo saa na bibi mmoja tunaangalia mvua, hatukuongea chochote zaidi ya shikamoo na marahaba na mwishoni akasema imepungua, nenda mwanangu.

Tatizo baraza zinaliwa na frem. Chumba cha mbele ukimpangisha mtu wa kulala na ukimpangisha mtu wa kuuza simu ni hela mbili tofauti kabisa, kwa hiyo ukuta unatobolewa, unawekwa mlango wa chuma, alafu sakafu inasogezwa mbele mpaka mdomoni mwa mtaro, na juu ya mtaro linawekwa zege la kupitia wateja, na juu ya lile zege linakaa friji la soda. Basi. Pale ulipokuwa unapita sasa hivi ni duka, na wewe unashuka barabarani ukagombanie na bodaboda. Siwalaumu sana, watoto wanasoma na nyumba ya urithi ina warithi kumi na mbili. Ila mtaa mzima ukifanya hivyo, nyumba baada ya nyumba, siku moja unashtuka kilomita nzima haina pa kusimama.

Karume napita haraka. Pale hutembei, unasukumwa, na mkono mmoja uko kwenye pochi.

Kuvuka Msimbazi ndo shughuli. Kuna njia za magari kila upande na katikati mwendokasi, na mwendokasi halina habari na wewe, linakuja limenyooka. Zebra ipo, imechorwa vizuri tu. Mi huvuka nyuma ya guta, ile baiskeli ya mizigo ya tairi tatu. Nasubiri jamaa mwenye guta lake la mabelo ya mitumba au la tofali aingie barabarani, naye huwa anaingia tu, na mimi najibanza upande wa pili wa mzigo natembea naye kama ndugu. Guta hakuna anayetaka kuligonga, litamchuna gari. Kuna siku mwenye guta kanigeukia akaniambia dada'angu ukinisukumia kidogo itapendeza zaidi. Nikasukuma, haki ni haki.

Hapo hapo karibu ndo nilipodumbukia mwaka juzi. Mtaro ulikuwa na mfuniko wa chuma, wa chuma ukaenda kwenye vyuma chakavu kama wenzake wote, na mi nilikuwa naangalia balkoni moja nzuri juu, unaona malipo ya kuangalia juu. Mguu wa kushoto mpaka gotini, ndala sijaiona mpaka leo. Mama ntilie mmoja akaniosha na maji aliyochota kwa ajili ya vyombo, ananiambia pole mwanangu, wewe wa nne wiki hii. Nilivyopona nikaenda kwenye ofisi inayohusika, wakaniambia ule mtaro ni wa wenzao, nikaenda kwa wenzao wakaniambia ni wa wale wa kwanza. Niliporudi Ijumaa nikakuta watu wa pale wameshachomeka tawi la mwarobaini kwenye shimo. Hiyo ndo alama yetu ya barabarani. Ukiona tawi limesimama katikati ya njia lina majani, shimo ni la leo, likiwa limekauka ujue shimo limezoeleka.

Kariakoo yenyewe mnaijua. Jina limetoka kwa wapagazi wa Vita ya Kwanza, lile jeshi la wabeba mizigo la Waingereza, Carrier Corps, mdomoni mwetu likawa Kariakoo. Na mpaka leo ni mtaa wa kubeba. Ukitaka kuelewa upana wa njia Kariakoo usitumie futi, tumia belo: njia inayopitisha mtu mwenye belo kichwani na mwingine anayekuja ni njia pana, iliyobaki mnapishana kwa kugeuka ubavu.

Viwanja vya Kariakoo ni vile vile vya nyumba za vyumba sita. Hicho ndo watu wanasahau. Mtaa ni ule ule, upana ule ule, Sikukuu, Mchikichi, Narung'ombe, ila pale palipokuwa na familia moja na wapangaji watano sasa hivi pana ghorofa nane za maduka na stoo, ukuta kwa ukuta, na wote wale wakishuka wanashukia kwenye mtaa ule ule. Lazima niseme ukweli hapa, kwa habari ya kivuli ghorofa za Kariakoo hazina mpinzani, saa nne asubuhi mitaa mingine jua halijafika chini. Lakini ni kivuli bila upepo, na kina wasiwasi. Baada ya lile ghorofa kuanguka Novemba 16, 2024, na watu kukaa chini ya kifusi siku kadhaa huku wanasikika wanaongea, mi nimepata tabia ya kuangalia nyufa. Napita naangalia nguzo. Nikiona chini wanachimba na juu watu wanauza, nahamia mtaa wa pili hata kama una jua.

Jengo ninalolipenda kule ni soko lenyewe, lile la zege la Beda Amuli, la miaka ya 70. Ukisimama ukaangalia lile paa, ile miavuli mikubwa ya zege imepanuka juu ya nguzo zake, unaona kuna mtu alikaa chini akafikiria soko la watu wa jua na mvua, mwavuli mmoja mkubwa kwa wote, na chini ya ardhi, pale panapoitwa Shimoni, kuna ubaridi wake. Liliungua Julai 2021. Nilipita asubuhi yake, Jumapili, sikutakiwa hata kwenda kazini, nilienda tu kama mtu anavyokwenda msibani. Zege lilikuwa limesimama.

Alafu Oktoba mwaka huo huo machinga wakaondolewa pembeni ya barabara. Hili nimebishana na watu wengi na bado sijamaliza kubishana na mimi mwenyewe. Siku ya kwanza nilifurahi, wallahi, nilitembea Uhuru yote nimenyoosha mikono. Wiki ya pili nikaanza kuona joto. Miavuli yao! Ile miavuli ya rangi rangi na maturubai ndo ilikuwa kivuli cha njia nzima, na mi nilikuwa nalalamika kila siku kwamba inanichoma mbavu. Na jioni nikitoka kazini saa moja giza limeingia, kipande ambacho zamani kilikuwa na taa za betri na kelele za buku buku, sasa kilikuwa kimya, nasikia ndala zangu mwenyewe. Nikaanza kutoka saa kumi na moja. Wakarudi kidogokidogo, mnajua wenyewe, na mi nikarudi kulalamika.

Ukitoka Kariakoo unaangukia Mnazi Mmoja na hapo mji unakata pumzi. Uwanja, miti, mnara wa Mwenge, watu wamelala kwenye nyasi na viatu wameweka chini ya kichwa. Huwa nafikiria kwamba ule uwazi haukutokea tu. Wajerumani walishaanza kwa sheria yao ya ujenzi ya 1891 kugawa mji kwa aina ya nyumba, huku za Wazungu, huku za mchanganyiko, huku vibanda vyetu, na Waingereza walipokuja baada ya vita wakaweka uwanja katikati ya Uhindini na Uswahilini, uwe mpaka. Babu yangu mpaka anakufa akisema naenda Uhindini anasema kama mtu anayevuka maji. Leo pale kwenye mpaka ndo pahali pazuri kuliko pote kwenye safari yangu, pana miti, pana muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, na hakuna aliyepata ujasiri wa kupajenga. Sijui nicheke au nini.

Uhindini basi. Zile nyumba za zamani, za ghorofa moja, mbili, tatu, zina mwaka wake umeandikwa kwenye paji la uso, 1930 na kitu, wakati mwingine jina la baba au la mama, na zile za kona zimekatwa duara badala ya pembe kali, kwa hiyo ukikata kona hugongani na mtu uso kwa uso. Chini kuna nguzo na njia yenye paa. Nyumba nyingi kama hizi zilichukuliwa na serikali kwa ile sheria ya 1971, jengo la thamani ya zaidi ya shilingi laki moja lililopangishwa lilikuwa linakwenda, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba. Kodi ndogo, matengenezo madogo, rangi hakuna, na labda ndo maana zilibaki nyingi mpaka miaka ya 2000 ziliposhtukiwa.

Zile njia za chini ya nguzo nazipenda lakini nisizisifie kupita kiasi. Kila mwenye nyumba aliweka sakafu kwa kimo alichojisikia. Unapanda ngazi mbili, unatembea hatua kumi, unashuka tatu, unapanda moja, yaani kama unacheza. Kuna kaka anatumia kiti cha magurudumu mitaa ile, siku zote namkuta barabarani katikati ya magari, nikawa namwona mbishi, mpaka siku nilipotembea nikihesabu ngazi na kuangalia kama kuna hata sehemu moja angeweza kupanda. Mpaka Samora sikuipata.

Sasa linganisha na majengo mapya. Natoka chini ya nguzo za mwaka 1936 naingia mbele ya mnara wa vioo. Kitu cha kwanza njia ya miguu inakatika, kwa sababu pale ndo gari zinaposhukia parking ya chini, na kuna mlinzi na kamba na kioo cha kuangalia uvungu, naye ananipungia mkono nisubiri, gari ipite kwanza. Kitu cha pili jenereta, limewekwa chini pembeni, linapumua usawa wa magoti. Alafu matone ya viyoyozi, ambayo nimeshajifunza, ukiona simenti ina duara la kijani kibichi usipite juu yake. Na vioo! Hivi aliyetuletea vioo Dar alitufikiria? Upande ule mkono wa kushoto ambao ndo kivuli changu cha mwezi wa saba, jengo la ng'ambo linapokea jua na kunirushia. Nina jua mbele na jingine la pili linanipiga ubavuni, la mkopo. Baraza hakuna, paa hakuna, pa kukaa hakuna, kuna maboksi ya maua yaliyojengewa ncha ili mtu asikae. Nakumbuka Ijumaa Kuu ya 2013, lile jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi likaporomoka likaua watu zaidi ya 30, na ukienda mitaa ile leo magorofa bado yanapanda, na mi bado naangalia nyufa.

Sio yote. Kuna moja mtaa wa nyuma, sitalitaja wasije wakajisikia, limeacha uwazi chini na benchi la zege refu na mti wa mkungu wameuacha bila kuukata. Saa saba mchana benchi lote limejaa, wafagiaji, mabosi wadogo wadogo, wauza line. Nadhani aliyelichora alikuwa na mama wa kutembea.

Mwisho wa safari ni Samora, pale kwenye sanamu ya Askari. Samora ilishawahi kuitwa Acacia Avenue, ikawa Independence, jina limebadilika miti imeondoka. Askari yuko pale toka 1927, bunduki na singe vimeelekea bandarini, na watu wengi wanapiga naye picha bila kusoma maandishi. Mi nilisoma siku moja nasubiri mvua. Yapo ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wale wale wa Kariakoo. Kwa hiyo kila asubuhi natoka walipopigia kambi natembea mpaka walipoandikwa, na nikifika nashindwa kuwafikia kwa sababu magari yanazunguka ile kipilefti bila kukoma na guta Posta haziji. Navuka na wanafunzi. Wakiwa na sare gari zinapunguza, kidogo.

Ofisini navaa viatu, nafuta uso, naanza siku.

Nilitaka kuishia hapo ila kuna jambo la juzi. Mwezi wa tano mwishoni nikahama rasmi kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, msimu wangu. Jioni nikawa narudi, najua kabisa kwamba karibu na Boma kuna baraza la mzee mmoja, la simenti nyekundu iliyong'arishwa, limelika katikati kwa kukaliwa, ambapo huwa napumzika dakika mbili nifunge ndala vizuri na yeye ananiuliza mjini wanasemaje. Namjibu mjini hawasemi kitu babu. Kila siku swali hilo hilo.

Nimefika nakuta mabati na mirunda, fundi yuko juu ya ndoo anapiga lipu. Frem tatu. Nikamuuliza baraza hawataacha hata kidogo? Akaniambia dada, wenye nyumba wamesema kila futi ni hela. Nikauliza mzee yuko wapi, hakujua. Muuza duka wa jirani ndo akaniambia, kachukuliwa na mwanawe Chanika, kaondoka toka Februari, na alikuwa anaulizia yule binti wa ndala mbona siku hizi hapiti.

Februari nilikuwa napita. Upande wa pili wa barabara.